Nani alibeba timu, nani alibebwa? Tuwapime wenzake Jordan, Kobe, LeBron, Iverson na Dirk kwa kazi zao

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kila mtoano wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ukianza, ubishi wa Jordan na LeBron unafufuka, na unaishia palepale. Jordan alikuwa na Pippen. LeBron alikimbilia kwa Wade na Bosh. Kobe bila Shaq ni nani? Halafu anatokea mtu anahesabu kila nyota alicheza na All-Star (wanaochaguliwa kwenye mechi ya nyota wa ligi) wangapi, anapata namba, anafunga mjadala kwa mbwembwe.

Kigezo hicho ni kibovu. Kuhesabu All-Star ni sawa na kuhesabu masufuria jikoni ukajiridhisha kwamba wali umeiva. Nataka tuangalie kazi. Nyota huyu alikuwa hawezi nini, au alikuwa hana nguvu za kufanya nini kila usiku, na je, kulikuwa na mtu wa kulifanya hilo?

Naanza na Allen Iverson, maana hakuna mfano unaopotoshwa kama wake. Philadelphia ya 2001 inasimuliwa hivi: kijana mfupi, kazungukwa na mafundi seremala, yaani watu wasiojua mpira, kaifikisha timu fainali peke yake. Kwenye ufungaji ni kweli. Yeye alikuwa na wastani wa pointi 31 kwa mechi, na aliyemfuatia hakufika hata 13. Lakini angalia tuzo za msimu ule. MVP, yaani mchezaji bora wa ligi, ni Iverson. Mlinzi bora wa ligi ni Dikembe Mutombo. Mchezaji bora wa akiba ni Aaron McKie. Kocha bora ni Larry Brown. Zote nne zimetua timu moja, msimu mmoja! Hiyo ndiyo timu ya mafundi seremala?

Larry Brown alijua anachokifanya. Iverson alihitaji kurusha mpira mara nyingi sana, na mitupo yake mingi ilikuwa haiingii, kwa hiyo kocha akamzungushia watu ambao hawaudai mpira. Eric Snow anamkaba gadi (mchezaji wa nje) mkubwa wa wapinzani ili Iverson asiumie kule. Tyrone Hill na George Lynch wanagombea mpira uliogonga chuma. Mutombo, Mkongo wetu mzaliwa wa Kinshasa, aliyeletwa kutoka Atlanta Februari 2001, anakaa chini ya kikapu kuwatishia wanaopenya. Mechi ya kwanza ya fainali Iverson akapiga 48, wakawafunga Lakers ugenini, Lakers ambao hawakuwa wamepoteza hata mechi moja ya mtoano mwaka ule. Baada ya hapo Shaq wa Lakers akamaliza kazi, mechi 4 kwa 1. Kikosi kile hakikuwa dhaifu. Kilikuwa cha upande mmoja: kinakaba vizuri kuliko karibu timu yoyote, na Iverson akikamatwa hakuna wa kufunga.

Kinyume chake ni Dirk Nowitzki, Dallas 2011. Msimu ule Dirk alikuwa All-Star pekee wa timu yake. Ukienda kwa hesabu ya masufuria, huyu alibeba timu kuliko Jordan, Magic na Bird. Sasa rudi kwenye mechi ya sita ya fainali dhidi ya Miami, mechi iliyowapa ubingwa. Kipindi cha kwanza Dirk aliingiza mtupo 1 kati ya 12. Moja! Timu ya mtu mmoja ingekuwa imezikwa kabla ya mapumziko. Jason Terry ndiye aliyeishikilia, akamaliza na pointi 27 akitokea benchi. J.J. Barea, mfupi kuliko wote uwanjani, akawa anapenya katikati ya LeBron na Wade kama hawapo. Jason Kidd alikuwa na miaka 38 na bado anajua mpira uende wapi. Shawn Marion kapewa kazi ya kumsumbua LeBron, Tyson Chandler analinda kikapu, kazi ambayo Dirk hakuwahi kuiweza maisha yake yote.

Ushahidi mkubwa zaidi ulikuja baadaye. Baada ya ubingwa, mwenye timu aliamua kutunza nafasi chini ya ukomo wa mishahara badala ya kuwabakiza watu. Chandler akaenda New York, Barea akaenda Minnesota. Mtoano wa 2012 wakafutwa 4-0 raundi ya kwanza na Oklahoma City. Dirk alicheza mpaka 2019 na hakushinda tena raundi yoyote ya mtoano. Mtu yuleyule, mtupo uleule wa mguu mmoja. Walioondoka ni wale ambao hakuna aliyekuwa akiwapigia kura ya All-Star.

Nikienda Cleveland ya LeBron, najua hapa povu litatoka.

Kikosi cha 2007 ndicho kibovu kuliko vyote nilivyoona vikifika fainali, na sisemi hivyo kumpamba LeBron. Zydrunas Ilgauskas, senta (mrefu wa chini ya kikapu) mwenye mikono mizuri na miguu iliyofanyiwa upasuaji mara kadhaa. Larry Hughes, ambaye kisigino kilimtoa katikati ya fainali. Drew Gooden, Sasha Pavlovic, Eric Snow (yuleyule wa Iverson, sasa umri umekwenda), na kinda Daniel Gibson. Mechi ya tano ya fainali ya kanda ya Mashariki dhidi ya Detroit, LeBron alifunga pointi 29 kati ya 30 za mwisho za timu yake, zikiwemo 25 za mwisho mfululizo, wakashinda 109-107 baada ya vipindi viwili vya nyongeza. Alikuwa na miaka 22. Kisha San Antonio wakawafuta 4-0, na siri yao ilikuwa nyepesi: jazeni watu mbele ya LeBron, wengine waacheni warushe. Wakarusha. Hazikuingia.

Ila kuna ujanja ambao mashabiki wa LeBron wanaupenda, na lazima tuukatae. Wanasema: alipoondoka 2010, Cleveland ilishuka kutoka ushindi 61 hadi 19, ikapoteza mechi 26 mfululizo, hivyo wenzake walikuwa takataka. Taratibu. Waliondoka pamoja naye Ilgauskas na Shaq, kocha Mike Brown alishafukuzwa, na Anderson Varejao akaumia, msimu wake ukaishia Januari. Zaidi ya hapo, kikosi kile kilijengwa kwa ajili ya LeBron tu: kusubiri pasi yake, kurusha, kurudi kukaba. Ukiondoa anayetoa pasi, hawa wengine hawana pa kuanzia. Hiyo haimaanishi hawakuwa na thamani naye alipokuwepo. Timu ya ushindi 66, kama walivyopata msimu wa 2008/09, haijengwi na takataka.

Na ni msimu huohuo unaoonyesha ubaya wa kuhesabu majina. Mo Williams alikuwa All-Star mwaka ule. Haya, LeBron kapata mwenzake! Fainali ya kanda ya Mashariki wakakutana na Orlando, na Cleveland haikuwa na mtu mrefu wa kumkimbiza Rashard Lewis nje kwenye mstari wa pointi tatu huku mwingine akimzuia Dwight Howard ndani. LeBron alikuwa na wastani wa pointi zaidi ya 38 kwenye mfululizo ule, na wakatolewa 4-2. Hakukosa nyota mwenzake. Alikosa mtu wa kazi moja maalumu.

Namalizia na Chicago Bulls ya Jordan. Jordan alistaafu Oktoba 1993, na msimu uliofuata Bulls walishinda mechi 55, wakati msimu uliotangulia, yeye akiwepo, walishinda 57. Watu wa LeBron wanaipenda hii kama mboga. Ukweli ni kwamba hawakuwa walewale toa mmoja. Toni Kukoc ndiyo kwanza anatua kutoka Ulaya, Steve Kerr kaongezwa, Luc Longley kaja katikati ya msimu. Pippen alicheza msimu bora wa maisha yake, akawa wa tatu kwenye kura za MVP. Horace Grant na B.J. Armstrong nao wakawa All-Star.

Lakini msimu wa kuusoma ni ule wa pili, na hausomwi na mtu. Kiangazi cha 1994 Grant akaondoka kwenda Orlando. Pippen yupo, Kukoc yupo, Armstrong yupo, kocha Phil Jackson yupo. Machi 1995, Jordan anarudi, anaikuta timu ina ushindi 34 na vipigo 31. Timu ya ushindi 55 imegeuka ya kawaida kwa kuondoka mtu ambaye ukiwauliza vijana wa leo watakwambia, "Si yule wa miwani?" Ndiyo, yule wa miwani. Mtoano ule Orlando wakamtoa Jordan, na ushindi ulipopatikana wachezaji wa Orlando wakamnyanyua Grant mabegani, palepale Chicago.

Uongozi wa Bulls ulielewa somo. Hawakutafuta mfungaji mwingine wala jina la kung'aa. Walimtoa Will Perdue wakamchukua Dennis Rodman, wakaziba nafasi ya Grant ya kugombea mipira na kukaba warefu. Msimu uliofuata: ushindi 72, vipigo 10.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: mchezaji wa pili tunambishania kwa sababu tunamfahamu. Lakini mataji mengi yameamuliwa na mchezaji wa tatu na wa nne, na kama kazi zao zinaingia kwenye mapengo ya nyota. Karibuni. Tubishane kwa hoja, matusi tuwaachie wa uzi wa Simba na Yanga.

#2

Umeandika vizuri mkuu ila Kobe umemruka kwa makusudi. Lakers ya 2006: Smush Parker, Kwame Brown, Chris Mihm, Luke Walton, Brian Cook. Mtu anapiga 81 dhidi ya Toronto kwa sababu asipopiga yeye hapigi mtu. Hao wa Cleveland 2007 unaowalilia wangekuwa wafalme pale Staples, uwanja wa Lakers wakati ule.

#3

Naunga mkono #2. Na wala hakuwa amecheza vibaya mtoano ule. Walikuwa wanaongoza Phoenix 3-1!

#4 Mleta uzi

Wakuu, sijamruka, nilimwacha kwa sababu nilijua mtamleta wenyewe.

Kobe wa 2006 alikuwa na jambo ambalo LeBron wa 2007 hakuwa nalo, anaitwa Lamar Odom. Mrefu, anachezesha, anagombea ribaundi (mipira iliyogonga chuma), anaanzisha mashambulizi. Mpeni LeBron wa 2007 huyo Odom na ile fainali haiishi 4-0. Ila hao wengine, nakubali, walikuwa wepesi mno. Walikuwa mbele 3-1, wakapoteza mechi tatu mfululizo, na ile ya saba wakachapwa 121-90, huku Kobe akirusha mara tatu tu kipindi chote cha pili. Wengine walisema alisusa, yeye akasema alikuwa anafuata mpango wa kuwashirikisha wenzake. Vyovyote iwavyo, mpira ulipowafikia hao wenzake tuliona kilichotokea.

Utamu wa hadithi ya Kobe uko 2008. Februari mosi, Lakers wanampata Pau Gasol kutoka Memphis. Wanatoa Kwame Brown, kinda mmoja, Aaron McKie (yule mchezaji bora wa akiba wa 2001, wakati huo hachezi tena, jina lake limetumika kukamilisha hesabu ya mishahara), haki mbili za drafti (uchaguzi wa chipukizi wapya), na haki ya mdogo wake Gasol aitwaye Marc. Ligi nzima ilipiga kelele kwamba ni wizi. Lakers wakaingia fainali tatu mfululizo, wakachukua mbili. Marc naye akaja kuwa mlinzi bora wa ligi 2013, kwa hiyo Memphis hawakuibiwa kama ilivyodhaniwa.

Na kwenye mechi ya saba ya fainali ya 2010 dhidi ya Boston, Kobe aliingiza 6 kati ya 24. Gasol alikuwa na pointi 19 na ribaundi 18. Ron Artest alipiga 20, pamoja na ile ya pointi tatu dakika ya mwisho. 83-79. Kobe mwenyewe alichukua ribaundi 15, na hapo nampa heshima yake: mtupo umekataa, akaenda kufanya kazi ya mtu mwingine.

#5

Sasa mimi niko Nairobi na hapa kijiweni wote ni watu wa Stephen Curry wa Golden State Warriors, so wacha niulize boss. Warriors ya 2017 utaiweka wapi? Timu ya ushindi 73 inaongezewa Kevin Durant. Hiyo si supporting cast bana, hiyo ni dhuluma!

#6 Mleta uzi

Dhuluma ya kihalali, ndugu yangu. Kiangazi cha 2016 ukomo wa mishahara uliruka kutoka dola milioni 70 hadi 94 kwa mkupuo, kwa sababu ya mkataba mpya wa televisheni. Na Curry, MVP mara mbili, alikuwa bado yuko kwenye mkataba aliosaini wakati vifundo vya miguu vinamsumbua, dola milioni 44 kwa miaka minne. Bila mambo hayo mawili kukutana, Durant asingetosha pale.

Hili la pesa watu hulisahau. Pippen alisaini mkataba mrefu 1991 akiogopa kuumia kabla ya kuihakikishia familia yake maisha, matokeo yake msimu wa 1997/98 alikuwa analipwa chini ya dola milioni 3 huku Jordan akichukua zaidi ya 30. Unyonge wa Pippen ndio uliowapa Bulls nafasi ya kuwalipa wengine. Wanaosema Jordan alipata wenzake wazuri waongeze: kwa bei ya kutupa.

#7

Mzee wangu Hakeem Olajuwon wa Houston je? 1994 alikuwa na nani? Mwafrika, mzaliwa wa Lagos, MVP, mlinzi bora, MVP wa fainali, vyote mwaka mmoja. Hakuna mwingine aliyewahi kufanya hivyo. Na hakukuwa na All-Star mwingine pale Houston.

#8 Mleta uzi

Shikamoo mkuu, maana ukimtaja Hakeem najua umri wako.

Hakeem ndiye anayeniumiza kichwa, kwa sababu kazi karibu zote alizifanya mwenyewe. Alifunga, alizuia, aligombea. Mechi ya sita ya fainali dhidi ya New York Knicks ni kidole chake kilichougusa mtupo wa mwisho wa John Starks, vinginevyo ubingwa ungekuwa wa Knicks usiku ule. Alichokuwa hawezi ni kurusha kutoka nje, na pale Houston walijaza warushaji: Kenny Smith, Vernon Maxwell, Mario Elie, Sam Cassell kinda, na Robert Horry ambaye alimaliza maisha yake ya mpira na ubingwa mara saba. Wapinzani wakimzunguka Hakeem watatu, mpira unatoka nje. Leo kila timu inacheza hivyo, wakati ule ilikuwa bado jambo geni. Kwa majina ni kikosi cha kawaida. Kwa kazi kilimkaa kama kanzu iliyopimwa na fundi. Ukinilazimisha kutaja bingwa aliyebeba mzigo mkubwa kuliko wote, ni yeye 1994, na Dirk namweka nyuma yake kwa mbali.

#9

Nikola Jokic wa Denver, bingwa 2023, mbona hamumtaji. Mwenzake Jamal Murray wakati ule alikuwa hajawahi kuwa All-Star hata mara moja.

#10

Na Mtanzania wetu Hasheem Thabeet tumsahau? Alikuwa benchi la Durant pale Oklahoma msimu wa 2013/14, Durant akachukua MVP. Tuandike historia: MVP alisaidiwa na Mbongo 😂

#11 Mleta uzi

#10 umenichekesha, lakini si uongo, Thabeet alikuwemo kikosini misimu miwili pale. Alikuwa nyuma ya Perkins, Ibaka na Steven Adams, kwa hiyo dakika zilikuwa za kuokoteza. Kilichomponza ni ile nafasi ya pili kwenye drafti ya 2009, mbele ya Harden na Curry. Angechaguliwa wa 25, tungemkumbuka kama mrefu wa akiba aliyefika mbali. Kwa nafasi ya pili walitaka nyota.

#9, Jokic ni mfano mzuri wa hoja yangu kuliko hata Dirk. Aaron Gordon alikuwa mchezaji mkuu Orlando. Alipofika Denver 2021 akakubali kukata, kudaka na kudanki, na kumkaba mtu mgumu zaidi. Caldwell-Pope anakaba gadi. Bruce Brown anajaza popote panapovuja. Walipobeba kombe, Brown akaondoka kiangazi hichohicho, Caldwell-Pope mwaka uliofuata. Jokic hakushuka kiwango hata kidogo. Timu ikatolewa raundi ya pili 2024 na tena 2025, mara zote kwenye mechi ya saba.

#12

Swali la mwisho kabla sijalala. Unaanzisha timu, unaye LeBron wa miaka 28. Mwenzake ni Pippen au Kyrie Irving?

#13 Mleta uzi

Kyrie. Najua mlitegemea niseme Pippen. Lakini Pippen na LeBron wanafanya kazi zilezile: wanaleta mpira juu, wanachezesha, wanakaba mawinga, wote wawili mtupo wa mbali ni wa kubahatisha. LeBron alihitaji mtu ambaye sekunde zikiwa nne na mpango umevunjika anaweza kumpita mtu wake na kufunga bila kuomba msaada. Mechi ya tano ya fainali 2016, wakiwa pamoja Cleveland dhidi ya Warriors, walifunga 41 kila mmoja, na ya saba, matokeo yakiwa sare na dakika moja imebaki, aliyeurusha ni Kyrie juu ya mkono wa Curry. Mpe Jordan yule Kyrie na wataanza kugombania mpira kabla ya Krismasi.